Nilichokiweka Kwenye Gurudumu la Mbele

Tangu lini chuma kikavunjika kikatoa unga?

Hilo ndilo swali Manasseh alilouliza, amepiga magoti kwenye matope ya Gesima, vipande viwili mkononi na vidole vimejaa unga mweupe. Mvua ilikuwa inatunyeshea. Ndani ya pickup, binti yangu alikuwa amekakamaa kwa degedege.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu mwanzo.

Wacha niwaeleze vile tulifika hapo, na mkimaliza kusoma mnitukane, nimezoea.

Naitwa Okinyi. Kwetu ni kando ya ziwa, lakini riziki yangu iko Kisii mjini, ambako nauza magari ya mkono wa pili. Mke wangu Benta ni mwalimu. Alihamishiwa shule moja huko Gesima, kwenye majani chai, akaenda na Pam wetu wa miaka sita. Mimi hupanda mlima wikendi.

Jumamosi hiyo Pam aliamka na joto. Alikuwa ametoka kwa nyanya yake ziwani wiki mbili nyuma, kwa hivyo malaria haikuwa ajabu. Tukampa dawa ya homa, tukasema tungoje mvua ikatike ndio tumpeleke hospitali.

Mvua haikukatika. Saa tano mtoto akageuza macho.

"Baba Pam! Mtoto anaenda! Fanya kitu!"

Nilitoka mbio bila viatu. Gari yangu ndogo nilikuwa nimeiacha huko chini kwenye lami, kilomita nne, kwa sababu haiwezi ule mlima. Boda hata moja haikuwepo. Wasabato walikuwa kanisani, na nje ya kanisa palikuwa na pickup moja tu, kuukuu. Niliingia na matope yangu katikati ya maombi, nikapiga kelele: mwenye gari ni nani?

Mzee mmoja wa kanisa, ndiye huyo Manasseh, akasimama. Hakuuliza habari ya mafuta, hakuuliza mimi ni wa dini gani. Alichukua funguo tu.

Tulipofika kwa gari ndipo akanitazama vizuri.

"Bwana Okinyi! Si ni wewe uliniuzia hii gari?" Akacheka kwa furaha kabisa. "Nyasae ni Mungu mkubwa. Gari yako imerudi kukusaidia."

Niliitambua ile gari, na nilijua kilichokuwa ndani yake, au tuseme kilichokosekana.

Tulimchukua Benta na mtoto tukateremka. Kilomita ya kwanza ilikuwa sawa. Halafu tukafika kona ya mto, pale barabara inaposhuka kisha inapanda ghafla. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

"Hakuna wasiwasi," Manasseh akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Tunaweka fowili."

Kwa gari za zamani, fowili haiji kwa kubonyeza swichi. Unashuka, unazungusha kwa mkono kile kisahani kilicho katikati ya kila gurudumu la mbele mpaka kifike alama ya kufunga. Ndipo unaingiza ile gia ndogo, na magurudumu yote manne yanavuta.

Manasseh alifanya yote sawasawa. Taa ya fowili ikawaka. Akakanyaga mafuta.

Ya nyuma yakarusha matope hadi kwenye majani chai. Ya mbele yalilala tu.

"Wewe unaijua hii gari kuliko mimi," akaniambia. "Shida itakuwa wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema hapo, hadithi ingekuwa nyingine.

"Labda propela ya mbele, ile fimbo ya chini inayopeleka nguvu kwa magurudumu," nikajibu.

Mzee wa watu akalala chini ya gari na suti yake ya Sabato. Mimi nikaingiza gia. Akaniambia kutoka kule chini kwamba propela inazunguka vizuri kabisa.

"Basi jaribu kurudi nyuma kidogo. Saa zingine hushika ukirudi."

Tukarudi nyuma. Haikushika. Gari ikazama zaidi.

"Angalia mafuta ya difu, lile boksi la gia kati ya magurudumu, kama yanavuja."

Hayakuwa yanavuja. Nilijua hayavuji! Nilikuwa namtuma huku na huku, huku mtoto wangu mwenyewe akiniishia kwenye kiti. Nilijiambia nikisema ukweli, huyu mtu atatuacha hapa hapa. Kila mara nilipofungua mdomo, ulitoka uongo mwingine.

"Amekakamaa tena!" Benta akapiga mayowe. "Nyasaye wangu, amefanya tena!"

Dakika ishirini. Naziandika kwa aibu, lakini zilikuwa ishirini nzima.

Mwishowe Manasseh akachukua koleo. "Pengine hii ya kushoto haijafunga vizuri." Akakibana kile kisahani, akakizungusha kwa nguvu.

Kikakatika katikati, unga ukamwagika.

Alikitazama. Akakwaruza rangi ya fedha kwa ukucha. Mtu wa Kisii hahitaji kuambiwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, linafananaje.

"Cleophas!" akanguruma. "Huyo fundi ameniibia chuma yangu, akaniwekea mawe ya Tabaka! Wacha nimpigie. Ataileta sasa hivi, hata kama ni na polisi."

Simu ilikuwa tayari mkononi. Kwa ile mvua, Cleophas angechukua saa nzima kutufikia, na angefika mikono mitupu.

Nilimtazama Pam kupitia kioo. Mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia tu.

"Si Cleophas," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwambia yote. Kwamba kabla ya kumuuzia nilitoa vyuma vya ndani vinavyofunga gurudumu la kushoto, nikavitia kwenye gari nyingine. Kwamba kisahani kilivunjika wakati wa kufungua, nikaenda Tabaka, mchongaji mmoja akanichongea kingine cha jiwe, nikakipaka rangi. Kilizunguka vizuri, mpaka nikajisifu. Nilijiambia nani hutumia fowili, na akitumia, atajuaje?

"Upande mmoja usiposhika, wa pili nao hauvuti," nikamalizia. "Hii gari haitoki hapa, hata ukikanyaga mpaka jioni."

Nilingoja ngumi. Wallahi ningeishukuru.

Manasseh alirudisha simu mfukoni. Akafungua mlango.

"Mwalimu, nipe mtoto."

Akamlaza Pam begani, akavuka mto, akaanza kupanda. Mtu wa miaka hamsini na kitu, viatu vya kanisa vikiteleza, hakunipa mtoto hata mara moja nilipomwomba tupokezane. Kilomita tatu. Tulipofika kwenye gari yangu alikaa nyuma na Benta, akimshika Pam kichwa kisigonge.

Hospitali walimkimbiza ndani. Muuguzi akatufokea, "Mlikuwa wapi mpaka sasa?"

Pam alifungua macho saa tisa na nusu. Akaomba uji.

Nililia hadi watu wakanitazama.

Saa kumi Kemuma, mke wa Manasseh, akafika na chupa ya uji na nguo kavu. Alimshika Pam shavu, akamshukuru Mungu, kisha akamgeukia mumewe.

"Ilikwama pale pale tena?"

Manasseh akaitikia kwa kichwa.

"Pole, baba," akaniambia mimi, kwa upole ule wa kumfariji mgeni. "Mwezi wa tano tulikuwa tunaleta mama yake Manasseh hapa, presha. Alifia kwa hiyo kona, ndani ya gari. Cleophas alikuja akaangalia, akasema gari ni nzima. Watu wakasema Manasseh amenunua gari hajui kuweka fowili. Hata yeye anasema ni yeye aliua mama. Tangu hapo hapiti hiyo kona na mvua. Leo sijui alitoa wapi nguvu."

Benta, ambaye alisikia kila kitu kule kwenye matope, aliinamisha kichwa.

"Bwana Okinyi," Manasseh akasema polepole. "Mwambie Kemuma."

"Nimwambie nini?" Nilijua nini.

"Vile uliniambia. Usiruke kitu."

Nikamwambia. Kemuma alisikiliza hadi mwisho. Akamalizia kumnywesha Pam uji, akafunga chupa vizuri, akaenda nje kwenye veranda, na huko akapiga kilio cha matanga, kana kwamba mama amekufa siku hiyo.

Vyuma nimevirudisha, vipya, na kanisani nimesimama mbele ya watu wote nikasema si Manasseh aliyeshindwa. Wengine walisema nimefanya vizuri. Manasseh alifungua kitabu chake cha nyimbo.

Wewe unayeficha ubovu ukauza, wahenga walikuonya kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni kweli, niliingia, na nilitolewa. Lakini aliyetangulia humo alikuwa mama wa mtu, na yule aliyenitoa mimi ndiye mwanawe.