Kitabu cha Nyuzi Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu alilipwa ili watu wengine wasisikie joto. Hotelini walimwita Fundi Baridi, na jina hilo likamganda hadi mtaani, hadi kwenye simu za mabinti zake wawili waliokwisha kuolewa. Viyoyozi mia mbili na kitu vilikuwa mikononi mwake, na majokofu ya jikoni, na mtambo wa barafu wa baa. Chini kabisa, nyuma ya stoo ya shuka, kilikuwepo chumba cha mvinyo, chumba kisicho na dirisha, chenye rafu za mbao na mlango mzito. Kilitakiwa kuwa na nyuzi kumi na nne asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mlangoni kilining'inia kitabu cha kuandikia joto, na mwandishi wake alikuwa yeye.

Mwenyewe hakunywa. Tumbo lake halikupatana na kitu kikali kuliko chai ya maziwa. Lakini bei alizijua, kwa sababu wahudumu walipenda kumtisha nazo. "Unaiona hiyo chupa karibu na kiwiko chako, Fundi? Ikianguka, mshahara wako wa mwezi umenywewa na sakafu."

Hoteli ilipouzwa kwa watu waliotaka kuigeuza nyumba za kupangisha, mvinyo wote ulitolewa kwa chini ya nusu ya bei, na wafanyakazi wakapewa siku mbili za kuchagua kabla ya watu wa nje. Fundi alichagua mwekundu, ule wa daraja la juu, uliokaa kwenye makasha ya mbao, chupa sita kila kasha. Mhudumu mkuu aliielekeza foleni nzima kama mtu anayegawa dawa: unaweza kuunywa, unaweza kuulaza miaka kumi ukazidi kuwa mzuri, unaweza kuuuza. Fundi akapiga hesabu zake kimoyomoyo. Kunywa, tumbo halitaki. Kulaza miaka kumi, nani amemhakikishia miaka kumi? Akatia nusu ya kiinua mgongo chake kwenye makasha kumi na manane, auze.

Mkewe alikuwa msusi, amekodi kiti kimoja kwenye saluni ya mtu mwingine. Hakupinga. Aliuliza swali moja tu.

"Hautaharibika?"

"Utaharibikaje, mama watoto? Chumba kile nimekitunza mimi."

Wakakubaliana kwamba ukiuzwa, pesa zitakwenda kwenye fremu ndogo ya duka iliyo mkabala na zahanati, mama watoto awe na saluni yake kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mwenye fremu alisema atawasubiri hadi mwisho wa mwezi, si siku moja zaidi.

Fundi akayapanga makasha kwenye chumba cha nyuma walikolala mabinti zamani. Aliziba dirisha kwa matofali, akafunga kiyoyozi alichokifufua kwa mikono yake, akatundika kipimajoto, na chini yake daftari. Kila asubuhi kabla ya chai aliandika alichokiona. Kumi na tatu. Kumi na tano. Umeme umekatika, kumi na tisa. Kumi na nne. Ilikuwa mali yake sasa, kwa hiyo alitazama kweli.

Jumatano ya wiki ya mwisho mteja akapiga simu. Alikuwa mama mwenye mgahawa mkubwa wa ghorofa, mwanamke wa maneno machache.

"Bei yako nimeikubali, nitakuja Jumamosi mchana," alisema. "Ila, Fundi, mvinyo uliopata joto siuchukui hata ukinipa bure. Una kumbukumbu za joto?"

"Ninazo, mama. Kitabu cha hoteli ninacho, walikuwa wanakitupa nikakichukua. Na daftari la hapa nyumbani ninalo."

"Vizuri. Nitavisoma vyote."

Alijibu haraka, kwa fahari ya kazi. Simu ilipokatika ndipo jasho lilipomtoka, ndani ya chumba chenye nyuzi kumi na nne.

Kwa maana alikumbuka. Kulikuwa na siku ambazo kompresa ya chumba cha mvinyo iliungua, na kipuri kikachukua siku tisa kufika. Meneja alimwambia aandike kama kawaida, mkaguzi asije akawasumbua bure. Na kuandika kama kawaida hakukumpa shida yoyote, kwa sababu kawaida yenyewe ilikuwa hivi: kitabu kilijazwa Jumatatu kwa wiki nzima. Fundi aliyemfundisha kazi alikijaza hivyo, na aliyemfundisha huyo pia. Mtambo mzima una haja gani ya kuulizwa hali kila siku? Kwa hiyo siku tisa mtambo ulikuwa umekufa, na kitabu kikasema kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Alikumbuka siku moja kati ya hizo alipofungua mlango, hewa ikamgusa usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa. Asichokumbuka ni mwezi. Akakipekua kitabu usiku na mchana kutafuta, na kitabu hakikuwa na la kumwambia. Alikifunga mdomo mwenyewe.

Akampigia aliyekuwa mtunza stoo, bwana waliyemwita Kidevu.

"Makasha yale niliyonunua, yaliingia kabla kompresa haijaungua au baada?"

"Mengine kabla, mengine baada. Tulipopaka rangi tukayachanganya yote. Kwani vipi, umeanza kunywa?"

"Nauliza tu."

"Watu wa kuuliza tu huwa nawaogopa. Nani anakuja kununua?"

Fundi akamtajia. Kidevu akacheka kicheko kifupi.

"Yule aliyempeleka muuza samaki polisi kwa samaki wa jana? Haya bwana. Ukitoka, nipigie."

Tangu hapo kidole gumba chake hakikupumzika. Alikuwa amesikia kwa wahudumu kwamba mvinyo uliochemka husukuma kizibo juu kidogo, na ukipitisha kidole juu ya karatasi ya chupa utakuta kinundu. Akafungua vifuniko vya makasha na kupitisha kidole kwenye chupa mia moja na nane. Akakuta vinundu vitatu. Akarudia, akakuta saba, na vile vitatu vya mwanzo havikuwemo. Mara ya tatu aliona kila chupa ina kinundu, akatoka nje akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kufungua chupa aonje hakukumsaidia pia. Angeonja nini, yeye ambaye mvinyo wote kwake ni uchachu?

Ijumaa, jua likiwa bado juu, mkewe alirudi mapema akamkuta jikoni ameinama juu ya beseni la maji, kitabu cha hoteli mkononi.

"Siku hizi unafua vitabu?"

Hakupata uongo wa haraka. Akamweleza yote, tangu kompresa hadi meneja, na Jumatatu zile zote. Mkewe akavuta kigoda, akakaa, mikono mapajani.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "nikikuuliza habari za kazi ukasema nzuri, ilikuwa kumi na nne."

"Mama watoto, si wakati wa utani."

"Nisipotania nitalia. Mwenye fremu kapiga tena leo."

"Najua."

"Sikuambii nikusukume. Nakuambia ujue hofu haiko kwako peke yako." Akakitazama kitabu. "Ukikilowesha utamwambia nini?"

"Bomba lilipasuka."

"Na lile daftari la hapa, mbona litakuwa kavu? Bomba lilichagua?"

Fundi akakifuta kitabu, ingawa hakikuwa kimelowa bado, akakiweka juu ya kabati. Usingizi wa usiku ule ulikuwa vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na muuza samaki ndani yake.

Mama wa mgahawa alifika Jumamosi baada ya saa nane, na gari la mizigo nyuma yake. Alikuja na glasi mbili zilizofungwa kitambaani, kizibuo, na ndoo ndogo ya kutemea. Hakukubali soda. Aliingia chumba cha nyuma, akatazama kipimajoto, akachukua daftari la nyumbani na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, akifuatisha kwa kidole. Kisha akachukua kitabu cha hoteli. Hicho alikifungua mwanzo, katikati na mwisho, akakifunga.

"Hili daftari linapumua," alisema. "Umeme ukikatika linapanda, ukirudi linashuka. Hiki kingine ni maiti. Hakuna mtambo duniani unaokaa kumi na nne miaka minne bila kupepesa."

Fundi alisubiri neno polisi. Aliliona kabisa likija. Mlangoni mkewe alisimama, taulo la saluni bado begani.

"Mtambo uliharibika siku ngapi?" mama aliuliza.

Angeweza kusema mbili. Mbili zilikuwa ulimini tayari.

"Tisa," alisema. "Ila sijui ni lini. Na sijui ni makasha yapi yalikuwemo."

Mama hakushtuka. "Nilijua nitakuta kitu. Hoteli haitoi mvinyo kama huu kwa nusu bei kwa mapenzi tu." Akaweka glasi juu ya kasha. "Sikiliza, Fundi. Kila kasha lina historia yake moja. Tufungue chupa moja katika kila kasha. Nikiipenda, nachukua tano zilizobaki kwa bei tuliyosema. Nisipoipenda, kasha ni lako. Chupa zinazofunguliwa ni hasara yako, si yangu."

Chupa kumi na nane. Na kama yote yaliharibiwa na joto, asingebaki na kasha zima hata moja la kumdanganyia mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali. Wanunuzi wa namna hiyo wapo, wangepatikana kwa wiki mbili. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumanne.

Alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu, kwa heshima, ili uamuzi usiwe wake.

"Lete kizibuo," Fundi alisema.

Alifungua mwenyewe. Mikono iliyofungua vali na nati miaka ishirini na sita ilikizungusha kizibuo polepole kwenye kizibo laini. Mama alimimina kidogo, akazungusha, akanusa, akaonja, akatema. Akalisogeza kasha la kwanza kushoto kwa mguu. La pili, kushoto. Fundi alikuwa anasoma koo lake, nyusi zake, kila kitu, na hakukuwa na maandishi. Kwenye la tatu alisita, akampa glasi.

"Nusa."

Ilinukia zabibu zilizochemshwa na sukari, zikasahaulika jikoni. Hata yeye alijua. Mama akalisukuma kasha kulia.

La nne kulia. La tano kulia. Hapo Fundi aliacha kuhesabu, akawa anafungua tu, macho kwenye skrubu inayozama. Mkewe ndiye aliyehesabu, kwa midomo, bila sauti, na walipofika la mwisho alivuta pumzi ambayo ilisikika chumba kizima.

Kumi na moja kushoto. Saba kulia.

Pesa zilizohesabiwa juu ya kitanda cha mabinti zilitosha kodi ya fremu ya mwaka mmoja. Vioo na viti havikuwemo, na kile kilichopotea katika kiinua mgongo hakikuwemo pia. Mkewe alizishika kwa mikono miwili akatoka nazo kwenda kumpigia mwenye fremu, asije akabadili mawazo.

"Bado jambo moja," mama alisema huku akifunga glasi zake. Akafungua kitabu cha hoteli ukurasa wa mwisho, akamsogezea kalamu. "Andika hapa ulichoniambia. Siku tisa. Weka saini."

"Kwa ajili gani, mama? Si umeonja?"

"Nimeonja chupa kumi na nane. Nimenunua hamsini na tano. Mteja wangu akirudisha moja, nataka nijue nani wa kumuuliza."

Fundi aliandika. Ilikuwa mara ya kwanza kitabu kile kupokea kutoka kwake kitu alichokijua kwa hakika, na herufi zilitoka kubwa, zimepinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mama akasoma, akapuliza wino ukauke, akakitia kitabu mkobani.

Gari likaondoka na chupa hamsini na tano, na kitabu. Mkewe alirudi anatabasamu, amevua viatu, akasema fremu ni yao, Jumatatu wanakabidhiwa funguo. Fundi akasema alhamdulillahi, hongera mke wangu, na akaketi pale alipoweza kuiona simu. Hamsini na tano. Akajaribu kukisia watu wangechukua muda gani kuzinywa zote.