Karani na Riwaya Iliyokatika Mwisho

Msafiri alifika Roret amelowa, akajikinga kwenye banda la kupimia majani chai. Karani wa banda hilo, kila alipotaka kufunua ukurasa wa kitabu, alifuta kwenye koti vidole vyake vilivyotiwa weusi na utomvu wa chai. Alikuwa akisoma riwaya ya Kijapani ya mapenzi na vichekesho. Katuni iliyotokana na riwaya hiyo alishaiona kwa video.

“Hiyo nimeisoma, dada,” msafiri alijigamba. Kumbe alikuwa ameona katuni tu.

“Basi ni-niambie. Kwa katuni, yule msichana mwenye kigugumizi anamwambia kijana anampenda, na kijana anacheka. Hata kwa kitabu? Hi-hiki kimekatika mwisho.”

Msafiri hakujua, lakini akajibu, “Hata kwa kitabu.”

Karani akafuta vidole, akamwekea kitabu mapajani. “Kaa nacho. Si-sitaki achekwe mara mbili.”

Akapanda lori la majani, likaondoka. Msafiri akabaki ameinama, akiona haya hata kukigusa.