Sikio la Golikipa

Cheti changu cha shule ya jioni kinasema ninajua kupiga picha. Hakisemi ninajua kufikiri, na hapo ndipo nilipoumbuka.

Wakati wa vita, mtafiti mmoja wa ndege alikimbilia Bujumbura akaniachia kamera na lenzi mbili: fupi ya kawaida, na ndefu kama mguu wa twiga, ya kunasa ndege mwari akiruka mbali kule mdomo wa mto Ruzizi. Risasi ziliponyamaza kidogo, vijana wetu wa Uvira wakacheza mpira na wakimbizi wa Luvungi. Mshindi achukue mbuzi.

"Profesa, minye niko na wasiwasi. Arbitre, huyu refa, ni ndugu yenu," kapteni wa Luvungi akaniambia.

"Usiogope, kaka. Picha yangu itaamua!"

Nikafunga lenzi ndefu kwenye kamera. Kwangu, mpira unaoruka na ndege anayeruka ni ukoo mmoja. Nikapiga goti hatua kumi tu kutoka golini kwetu.

Dakika ya mwisho, tukiwa sare, shuti la Luvungi likagonga mwamba, mpira ukadunda mstarini. Umeingia? Haukuingia? Watu wakaanza kukunjana mashati.

"Profesa alete picha!"

Nikainua kioo cha kamera kwa majivuno ya waziri. Ndani yake kulikuwa na sikio la golikipa wetu, kubwa kama sinia, kila unywele unahesabika.

"Na mpira iko wapi?" kapteni akauliza kwa upole.

Mama mmoja wa Luvungi, aliyebandika sufuria ya maji ya kupikia mbuzi tangu mapumziko, akachungulia kioo, kisha akanitazama mimi.

"Profesa, sasa tupike hili sikio?"