Kuku wa Upande wa Baridi

Nakumbuka, mwanangu, na ningependa nisikumbuke, siku ya ntheo ya wifi yangu, wakwe zake walipokuja kwetu Katangi na mbuzi wao ili ndoa ihesabike ndoa. Jana umenipigia simu kutoka Kinanie ukilalamika kwamba jiko lako la kuchomea nyama, lile la gesi, linaunguza upande mmoja na kuacha mwingine vuguvugu. Ukacheka, ukasema utazoea, utakuwa unageuzageuza nyama tu. Mimi sikucheka, na leo nitakwambia kwa nini.

Wakati huo baba yako alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Athi River. Hoteli iliponunua jiko jipya, yeye akapewa lile kuukuu, akalileta nyumbani kwa mbwembwe utadhani ameoa mke wa pili. Kuni zikadharauliwa. Lakini jiko lile lilikuwa na mabomba matatu ya moto, na la kushoto lilitoa moto wa manjano, dhaifu. Alifungua gesi hadi mwisho, akautikisa mtungi, akaubadilisha. Kushoto kukabaki vile vile. Mtungi ukiwa na shida, mwanangu, moto hupungua kote. Ukipungua upande mmoja, tatizo liko kwenye bomba la upande huo. Hakuwa na subira ya kulichunguza, maana wageni walikuwa tayari wanashuka kwenye gari.

Akafanya jambo ambalo kila mtu wa kwetu angefanya. Nyama ya wakwe akaiweka kulia, ikaiva vizuri. Kuku wetu sisi wa nyumbani akawaweka kushoto, akawapaka mchuzi na mafuta mpaka wakapendeza macho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sivyo?

Nilikuwa mke mchanga katika boma lile, na mimba ya miezi saba. Nilikula mwisho, jikoni, baada ya kusimama tangu alfajiri. Wengine wa nyumbani walikuwa wameshiba muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kuku wakawaonja tu. Mimi nilipewa paja zima, na nilipoling'ata nikaona damu kwenye mfupa. Niliona, mwanangu. Nikatazama nje, nikamwona baba yako akisifiwa na wakwe, nikameza. Nililimaliza paja lote, kwa sababu mke hamrudishii mumewe chakula mbele ya wageni. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na nilijivunia.

Homa ilinishika siku ya pili, na kuhara kusikokatika. Hospitalini daktari aliniuliza nilikula nini, nikasema kuku, akatikisa kichwa. Mtoto alizaliwa wiki ile ile. Alikuwa msichana. Hakulia. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mama mkwe akanikataza kulia kwa sauti, eti mtoto hakuwa amepewa jina. Nilimchukia siku hiyo, Mungu anisamehe.

Baada ya mazishi baba yako akalifungua jiko. Ndani ya bomba la kushoto, pale gesi inapoingilia, akakuta utando wa buibui umejaa, na vitundu vya juu vimezibwa na mafuta yaliyoganda. Ilikuwa kazi ya waya na brashi, isiyozidi muda wa kunywa chai. Akaketi chini. Ndipo nikamwambia.

"Niliona iko mbichi."

"Na ukaila?" akaniuliza.

"Ningesema, wakwe wangesikia."

Wewe hujawahi kumwona baba yako akichoma nyama. Sasa unajua sababu. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha aibu ya mume wangu, wala si yangu, na methali haikujali ni ya nani.

Basi sikiliza. Funga mtungi, acha jiko lipoe, utoe bomba lile bovu. Pitisha waya ndani, sugua kwa brashi, zibua kila tundu. Ukishalirudisha, fungua mtungi bila kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Yakitoa mapovu, gesi inavuja, usiwashe. Ukiwasha, moto uwe wa buluu kote. Kisha panga vipande vya mkate juu ya wavu wote uone kama vinaiva sawasawa. Usiponiamini mimi, amini mkate. Na hata baada ya hayo yote, kabla hujampakulia mtu yeyote, pasua nyama ya upande uliokuwa baridi uitazame mfupani. Ikiwa na damu, irudi motoni, hata kama wageni wamekunja uso. Usimwachie anayekula mwisho ndiye aigundue.

Mke wako namjua. Ni mpole kama nilivyokuwa mimi, na upole huo unanitia hofu. Muulize chakula kikoje, tena uulize ukiwa tayari kujibiwa.

Mungu akubariki, mwanangu, ajaze boma lako watoto na wageni. Na amjalie mke wako akwambie, mbele yao wote, kwamba nyama ni mbichi.