Modemu Ilipokuwa Imeshika Tundu Pekee

Kila Ijumaa asubuhi baba mdogo hufukiza udi dukani kwake mtaa wa Chemchem, duka la kutoa kopi ambako mimi ndiye mchapaji wake. Hafukizi mlangoni tu kama watu wengine. Anapitisha chetezo mpaka chini ya meza. Ijumaa moja alikiweka sakafuni ili apokee simu, na kaa la moto likaunguza waya wa kipanya.

Mshale ukaganda kwenye skrini. Fomu ya chuo ya mdogo wangu ilikuwa imejazwa yote, imebaki kutumwa tu, na maombi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana. Saa tano ilishapita. Mdogo wangu yuko kijijini Kigwa, alinipa vyeti vyake wiki mbili kabla, na mimi kila siku nasema kesho. Baadaye nilijifunza kuwa hata kibodi peke yake ingeweza kutuma, lakini siku ile sikujua.

Nilikimbilia duka la jirani, kwa mzee wa Kihindi anayeuza chaja na vipuri vya kompyuta. Alikuja na kipanya chenye plagi ya duara, kama kile kilichoungua. Nikachomeka. Mshale haukusogea. Akaniambia kompyuta za zamani kama hii haziitambui plagi ya duara mpaka uzizime na kuziwasha upya. Na nikizima, fomu yote inapotea. Kuijaza kulikuwa kumenila saa mbili.

Kilibaki kipanya cha plagi bapa, ile ya USB. Matundu bapa yako mawili. Moja lilikufa zamani, nimelisema mpaka nimechoka, na la pili limeshikwa na modemu ya intaneti. Mzee akatoa adapta ya midomo miwili, modemu huku, kipanya huku. Lakini ili adapta iingie, modemu ilibidi itoke kwanza.

Alinieleza kwamba ukurasa ukishafunguka hukaa pale pale hata mtandao ukikatika.

"Na ukifutika, babu?"

Akaipangusa adapta kwenye shati lake. "Basi tutakuwa tumejaribu, binti yangu."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa dakika ile nilimchukia kabisa. Nikafumba macho, nikavuta modemu. Nilipoyafumbua, jina la mdogo wangu lilikuwa bado pale. Nikachomeka adapta, kisha modemu, kisha kipanya. Taa ya modemu iliwaka nyekundu, ikazima, ikawaka tena. Ilipogeuka bluu nikasogeza mshale, nikabonyeza.

Ikaja namba ya maombi. Nikaandika tarakimu mbili, nikakosea zote. Mzee akachukua kalamu akaniandikia.

Saa sita na robo mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, ulishatuma?"

"Siku nyingi," nilisema.

Akacheka. Akaniambia alijua tu, ndiyo maana wiki zote mbili hakunisumbua kunikumbusha.