Mafungu ya Korosho ya Mama

Aliyemfanya mama yangu kuwa bingwa wa zege la madaraja ni mimi. Nilimfanya pia mtaalamu wa minyoo ya ng'ombe na mchunguzi wa nyota, yote kwa kidole kimoja, asubuhi moja, huku nikiwa bado na uji mdomoni.

Mama ni mtafiti wa lishe na afya. Ofisi yake iko Nachingwea, lakini likizo ile ya Desemba tulikuwa kwa bibi, Nandagala, upande wa Ruangwa, kwa sababu alikuwa anapima uzito wa watoto wa huko. Alikuwa pia anaomba nafasi ya masomo ya uzamivu, ambayo ameitamani tangu mimi sijaanza shule. Fomu ilikuwa inafungwa siku hiyo saa kumi jioni, na ilitaka namba inayoonyesha watafiti wengine wananukuu kazi zake kwa kiasi gani. Kama huna angalau nne, usijisumbue.

"Kuna tovuti inahesabu yenyewe," akaniambia huku akifunga mizani nyuma ya bodaboda. "Itakuletea orodha ya makala, itakuuliza zipi ni zangu. Chagua zangu tu. Umenielewa?"

Nikaitikia kama mtoto wa maana. Nikabeba kompyuta mpaka juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, ndipo mtandao unapokamata. Tatizo ni kwamba jina la mama ni la kawaida mno. Uliite sokoni Ruangwa, watageuka wanawake sita. Tovuti ikaniletea makala zaidi ya mia za watu wenye jina hilo. Nani azisome zote? Pale chini palikuwa na kitufe cha kuchagua zote. Nikabonyeza.

Idadi ya kunukuliwa ikaruka mpaka elfu moja na ushee. Nikashuka mbio hadi jikoni.

"Bibi, mama amenukuliwa mara elfu."

"Ndiyo amefanywaje, mume wangu?" Bibi ananiita hivyo tangu nizaliwe, ndio utani wetu.

"Watu wamechukua maneno yake wakayaweka kwenye kazi zao."

"Wamemwibia?"

"Hapana. Sisi shuleni ukidesa kwa mwenzako mnachapwa wote wawili. Kwao huko ni sifa."

Bibi akafikiri kidogo, akaona elfu ni elfu tu, akapiga kigelegele. Majirani wakaitikia bila hata kuuliza ni cha nini.

Mama aliporudi saa nane alikuta wanawake watatu uani wanamsubiri kumpongeza. Akaichukua kompyuta, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili.

"Zege," akasema.

"Mama, ni elfu moja na..."

"Mimi nimewahi kuandika habari za zege?"

Wale wanawake wakakumbuka kwamba wana moto jikoni kwao.

"Wakiifungua hii watasema nimejipachika kazi za watu," mama akasema. "Nafasi nitakosa, na jina langu litachafuka."

"Si uiache tu?" bibi akasema. "Nani atakuja kukuuliza huku?"

"Watauliza, mama."

Tukapanda kichuguu wote wawili, tukabanana pale juu, tukaanza kuondoa moja moja. Zikabaki tano. Tovuti ikasema ukipunguza makala, hesabu mpya itaonekana kesho. Kesho ya nini, na fomu inafungwa saa kumi?

Tukashuka uani, mama akamwomba bibi ungo na korosho za kukaanga. Kila makala ikawa fungu, kama yale ya sokoni, na kila korosho ikawa mtu mmoja aliyeinukuu. Tisa, tano, nne, mbili, moja. Akayapanga kuanzia kubwa, akapitisha kidole, maana namba ile huishia kwenye fungu la mwisho linalofikia nafasi yake.

"La kwanza lina angalau moja? Ndiyo. La pili lina angalau mbili? Ndiyo. La tatu, tatu? Ndiyo. La nne, je, lina nne?"

Lilikuwa na mbili.

"Basi namba yangu ni tatu," akasema, na akakaa.

Ilikuwa saa tisa na robo.

"Na ile ya ming'oko?" bibi akauliza. "Si ulinikalisha hapa siku nzima unaniuliza naichimba wapi, naichemsha vipi?"

Ming'oko ni mizizi ya porini, huku kwetu tunaichemsha na kuila. Ilikuwa makala ya kwanza ya mama, na kwenye orodha haikuwepo. Walioichapisha walitanguliza jina la babu yake, tovuti ikadhani ni mtu mwingine. Nikakimbia tena na kompyuta hadi kichuguuni. Safari hii sikutafuta jina. Niliandika neno moja tu, ming'oko, maana duniani kote wanaoliandika hawazidi darasa letu. Ikaja ya kwanza kabisa. Imenukuliwa mara kumi na nne.

Nilivyoshuka, ndala moja ilibaki juu. Mama akapanga fungu la kumi na nne mbele ya mengine, kidole kikaanza upya. Kumi na nne, sawa. Tisa, sawa. Tano, sawa. Fungu la nne lilikuwa na korosho tatu.

"Hapa palikuwa na nne," akasema, akanitazama mdomo.

"Nilikuwa na njaa, mama."

"Umemtafuna mtu aliyenisoma."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akaongeza korosho moja palipopungua, akahesabu mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sauti. Nne. Tukaipandisha kompyuta kichuguuni, nikaiongeza ile makala kwenye orodha, akajaza namba yake na kutuma zikiwa zimebaki dakika tisa. Nilirukaruka pale juu mpaka udongo ukameguka.

Mama akafunga kompyuta, akaniokotea ndala, akasema: "Najua utakwenda kuwasimulia wenzako. Sema nne. Nikisikia umesema tano, utabangua korosho zote za bibi yako mpaka shule ifunguliwe."