Yule wa Mbele ya Wa Kwanza

Mwaka wa 2002, niko na miaka makumi tatu na ine, masasi ya vita ilitufukuza kutoka upande wa Beni. Masomo nilifika mwaka wa tatu tu, lakini kuchuuza samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, hakuna mutu alinifundisha. Siku ile niliacha vyote. Mu barabara ya Butembo batu walisukumana sana, na mukono wa binti yangu wa tatu, wa miaka kumi, ukanitoka.

Walisema batoto waliopotea wako ku parokia ya Mususa, mu Butembo. Nikaingia kiwanja, nikaita jina lake kwa nguvu. Donc, kwetu Banande jina linafuata kuzaliwa: mu kila nyumba, binti wa tatu ana jina lile lile. Babinti wakasimama kiwanja kizima! Mama mumoja aliyekuwa anasonga bugali akacheka:

"We mama, umeita nusu ya Bunande!"

Akabapanga ku ukuta. Nikaanza kwa wa kwanza, namuangalia uso, napita kwa mwenzake, mupaka mwisho. Wangu hapana. Nikageuka nitoke.

Kabinti kamoja ka ule mustari kakanivuta kikwembe. "Mama, na huyu wa ku mulango? Na yeye ni jina letu. Miguu imevimba, hawezi kusimama."

Kweli. Mbele ya wa kwanza, pale chini, kulikuwa mutoto amefunikwa kitenge. Nilikuwa nimemuruka. Nikafunua. Amelala, mudomo wazi, vile alikuwa analalaka ku mugongo wangu akiwa mudogo.

Sasa mutoto wa binti yangu ule anasoma informatique, mambo ya kompyuta. Anaagiza mashine itafute jina mu mustari wa majina, iseme liko nafasi gani. Juzi akakasirika, akaniambia mimi koko yake:

"Koko, jina ninaliona na macho, mais mashine inasema haliko!" Kisha akajipiga paji la uso. "Ah! Niliiambia ianze na moja. Yenyewe inahesabu kuanzia zero. Yule wa zero imemuruka."

Nikamuambia:

"Umuite mama yako."

"Kufanya nini?"

"Umuite tu."

Binti yangu akatoka jikoni, mikono na unga. Nikaushika ule mukono ulionitoka siku ile.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Ikala hapa."

Vyenye niko navyo leo, nahesabu kuanzia zero: binti huyu. Nyumba ya matofali Mususa. Depo ya samaki. Shamba la kahawa. Mbuzi. Pikipiki moja, yenye inakataa kuwaka asubuhi.